Meza Mbili za Wiki ya Migahawa

Kwa miaka mingi nilikuwa nikipita mbele ya mgahawa mmoja wa hadhi ya juu nikielekea kazini, na mara nyingi nilisimama kidogo kuisoma menyu iliyowekwa ndani ya kisanduku cha kioo kando ya mlango. Majina ya vyakula yalikuwa upande wa kushoto na bei upande wa kulia, na macho yangu yalikimbilia kulia kwanza. Chakula kikuu kimoja kilikaribia matumizi yangu ya sokoni kwa wiki nzima. Kwa hiyo nilipoona tangazo la Wiki ya Migahawa, kwamba kwa muda wa wiki mbili migahawa ya jiji zima ingetoa vyakula vitatu kwa bei moja iliyopangwa, yaani chakula cha kuanzia, chakula kikuu na kitindamlo, na kwamba mgahawa ule ulikuwa miongoni mwao, niliweka nafasi siku hiyohiyo bila kuuliza swali lolote. Naanza na hilo la kutouliza kwa sababu lilinigharimu.

Nilikwenda na mwenzangu wa kazini, usiku wa Ijumaa. Tulipewa meza iliyo karibu na mlango wa jikoni, tukaelezwa kwamba tungetakiwa kuiachia baada ya muda wa saa moja na nusu, kisha tukapewa kadi ndogo ambayo haikufanana na menyu niliyoizoea pale mlangoni. Mhudumu alifika na chupa mbili mikononi akatuuliza kama tunapendelea maji ya kawaida au yenye gesi, nasi tukajibu kama mtu anavyojibu anapokaribishwa nyumbani kwa watu, bila kufikiri kwamba maji yale yalikuwa na bei yake. Katika vyakula vikuu vinne vilivyoandikwa kwenye kadi, viwili vilikuwa na alama ya kujumlisha na tarakimu ndogo pembeni. Samaki niliyekuwa nikimtamani kwa miaka yote ile alikuwa mmoja wapo. Nilimwagiza, nikalipa nyongeza. Mwenzangu aliagiza kidari cha kuku, ambacho hakikuwa na nyongeza, akaletewa kipande kilichokauka hadi nyuzi zake zikawa zinaachana kwa uma. Vitindamlo viliwekwa mezani kabla hatujamaliza kula chakula kikuu.

Hesabu ilipoletwa ilikuwa imepita bei iliyotangazwa kwa karibu theluthi mbili: maji, nyongeza ya samaki, glasi moja moja ya kinywaji, kodi, na gharama ya huduma iliyokwisha kujumlishwa. Niliisoma mara tatu nikitafuta kosa. Halikuwapo. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa chini ya kadi kwa herufi ndogo, na hapakuwa na uongo wowote wa kumshtaki mtu. Hata hivyo bado naamini kwamba mgahawa unaoweka nyongeza kwenye nusu ya vyakula vyake vikuu umevunja maana ya bei moja, hata kama haujavunja neno lake. Mwenzangu alinishukuru kwa upole, tukaagana pale nje, na njia nzima nilikuwa na uchungu ambao sikujua niuelekeze kwa nani.

Uchungu ule ndio ulionifanya nitake kufahamu jinsi jambo hili linavyoendeshwa, na ninayoyajua sasa ningependa mtu angenieleza kabla ya kuketi pale. Desturi hii ilianzia New York mwaka 1992. Mwezi wa Julai wa mwaka ule chama cha Democratic kilikuwa kikifanya mkutano wake mkuu jijini humo, wajumbe na waandishi wa habari walikuwa wamefurika, na Joe Baum, mtu wa migahawa aliyeufungua mgahawa wa The Four Seasons mwaka 1959, pamoja na Tim Zagat, mchapishaji wa vitabu vya kutathmini migahawa, walibuni mpango wa migahawa mikubwa kuuza chakula cha mchana kwa dola 19.92, bei iliyoandikwa kwa tarakimu za mwaka wenyewe. Ulikusudiwa uwe ukarimu wa mara moja kwa wageni wa mkutano, lakini uliendelea, na miji mingi duniani imeuiga. Huko New York hufanyika mara mbili kwa mwaka, baada ya sikukuu za mwisho wa mwaka na katikati ya kiangazi, na majira hayo hayakuchaguliwa kwa bahati. Ni majira ambayo wateja hupungua, ilhali kodi ya jengo na mishahara ya wapishi haipungui. Kiti kilichobaki kitupu leo mchana hakiwezi kuuzwa kesho.

Jambo hilo likieleweka, mengine yanajifungua yenyewe. Kwa kawaida vitu vinavyonunuliwa kwa ajili ya sahani moja huchukua kama theluthi moja ya bei anayotozwa mteja, na sehemu kubwa ya kilichobaki huishia kwenye mishahara, pango, moto na vyombo vinavyovunjika. Mgahawa hauwezi kushusha bei kwa kiasi kikubwa bila kuipata tofauti mahali fulani. Wengine huipata kwa kujaza viti. Wengine huipata kwenye vinywaji, ambavyo mara nyingi huuzwa mara mbili au tatu ya bei vilivyonunuliwa, na ndiyo maana mhudumu hukujia na chupa kabla hujafungua menyu. Wengine huipata kwa kupunguza idadi ya vyakula, wanunue vitu vichache kwa wingi na kuvipika kwa mkupuo. Na wengine, ambao ndio ninaowaheshimu, huipata kwa kuchagua nyama zisizodai fedha nyingi bali muda mwingi: bega, shavu, mkia, muundi. Kipande laini cha mgongoni kinahitaji kikaango cha moto na dakika chache za uangalifu, na hata mpishi wa wastani anaweza kukifanikisha. Muundi ni mgumu, una mishipa, unataka saa nyingi na mkono unaojua. Kwa hiyo katika wiki hizi, anayekwepa muundi na kukimbilia kidari cha kuku kwa kuwa anakifahamu, anakwepa palepale ambapo jiko limeweka kazi yake.

Mpango uliporudi baada ya miezi kadhaa niliamua kujaribu tena, safari hii pamoja na Mama, na nilijiandaa. Nilichukua kadi za wiki ya migahawa za sehemu tano, nikaziweka kando ya menyu zao za kila siku, nikatafuta kitu kimoja tu, yaani vyakula vinavyoonekana pande zote mbili. Mgahawa unaoleta vyakula vyake vya kila siku kwenye bei maalumu unataka uujue. Ule unaotunga vyakula vipya vya bei ndogo kwa ajili ya wiki hizo unataka upite uende zako. Katika sehemu tano nilizozipitia, mbili tu ndizo zilizokuwa na vyakula vitatu au zaidi vilivyofanana. Kisha nilipiga simu, tena saa za alasiri wakati jiko limetulia, nikauliza kama kuna chakula chochote chenye nyongeza, kama maji ya bomba hutolewa mezani, kama gharama ya huduma imo ndani ya bei, na kama tungetakiwa kuondoka kwa saa maalumu. Sehemu ya kwanza walinijibu kwa neno moja moja. Sehemu ya pili mtu aliyepokea simu alinisikiliza hadi mwisho, akajibu kila swali kwa utaratibu, kisha akauliza yeye: kuna mgeni yeyote asiyeweza kula kitu fulani, au anayepata shida kupanda ngazi? Nilimwambia kwamba nakuja na mama yangu na kwamba magoti yake yanamsumbua. Akasema meza yetu itakuwa chini, mbali na mlango. Nikachagua mchana wa Jumanne, siku ambayo jiko halijaelemewa kama Ijumaa na Jumamosi.

Mama alipika katika jiko la shule kwa miaka 26. Alipikia mamia ya watoto kila siku, kwa sufuria ambazo zilihitaji watu wawili kuziteleka na kuziepua, na katika miaka yote ile alikula mwisho, amesimama, akiwa na sahani mkononi. Nilipomwambia ninapompeleka hakufurahi mara moja. Alikuwa na wasiwasi wa nguo, nao tuliumaliza kwa urahisi, na wasiwasi wa vyombo vya mezani, ambao ulikuwa mzito zaidi kwa sababu alikuwa ameona mahali fulani picha ya meza yenye uma tatu na visu vitatu. Nilimweleza kwamba vyombo hupangwa kwa kufuata mpangilio wa chakula chenyewe, kwamba mtu huanza na vya nje na kuingia ndani, na kwamba vilivyotumika huondoka pamoja na sahani. Nikamweleza pia kwamba utaratibu wa kuleta chakula kimoja baada ya kingine, ambao huitwa utaratibu wa Kirusi, ulienea Ulaya Magharibi katika karne ya 19, na kwamba kabla ya hapo hata kwenye meza za wakubwa sahani nyingi ziliwekwa kwa pamoja, kila mtu akachota kilicho karibu naye. Alinyamaza kidogo.

"Kumbe hata wao walikuwa wakipakua pamoja," alisema, na sikumsikia tena akitaja uma.

Siku ya Jumanne tulifika dakika kumi kabla ya wakati. Mhudumu alimvutia Mama kiti, naye Mama akageuka katikati ya kuketi ili amshukuru kwanza, akawa nusu ameketi nusu amesimama, na kijana yule akabaki ameshikilia kiti bila haraka yoyote mpaka alipokaa vizuri. Jagi la maji ya bomba lilikuwa tayari mezani. Kadi ilikuwa na vyakula viwili vya kuanzia, vikuu vitatu na vitindamlo viwili, wala hapakuwa na alama ya kujumlisha mahali popote. Tuliagiza supu, muundi wa ng'ombe, na tunda lililookwa.

Bakuli zililetwa zikiwa na kijiko kimoja tu cha mboga zilizochomwa, zimekusanywa katikati, na mhudumu akatumiminia supu mbele yetu kutoka kwenye jagi dogo. Mama hakushika kijiko. Aliweka ncha za vidole viwili kwenye ukingo wa bakuli, juu ya pale supu ilipoishia, akaviacha hapo.

"Bakuli limepashwa moto," aliniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa siri. "Likiwa baridi, lenyewe ndilo linalokula joto la supu kabla yako. Sisi tulijua hivyo, lakini ungepasha wapi bakuli za watoto wote wale?"

Kisha akaonja. Aliuzungusha mchuzi mdomoni, akaonja tena bila mboga, akautazama rangi yake kwenye kijiko. "Mwanangu, mifupa hii ilichomwa kwanza kabla ya kutiwa maji. Na aliyeichemsha hakuiacha itokote. Angeiacha itokote, mchuzi ungekuwa na ukungu." Nilitazama bakuli langu na kweli niliiona kupitia mchuzi michoro ya kitako chake, wakati kabla ya hapo nilikuwa nimeona supu tu. Nilimsimulia kwamba neno "restaurant", ambalo lugha nyingi hutumia kuita mahali kama pale, huko Paris katika karne ya 18 lilikuwa kwanza jina la mchuzi, mchuzi mzito wa kumrudishia nguvu aliyedhoofika, na nyumba zikapata jina kutokana na kilichouzwa ndani yake. Hilo lilimpendeza kuliko yote niliyomwambia siku ile. Alisema ni haki, kwa sababu jiko linajulikana kwa mchuzi wake.

Muundi ulipoletwa ulikuwa kipande kisichozidi ngumi, kimelala juu ya viazi vilivyopondwa, na mchuzi wake ulikuwa mweusi na kidogo sana. Nilihofia kwamba Mama angeona uchache. Badala yake aliuchovya mgongo wa kijiko kwenye mchuzi, akakiinua, akapitisha ncha ya kidole katikati yake. Mstari ulibaki. Mchuzi haukuteremka kuufunika, ukakaa pande zote mbili kama kingo za mfereji. Alinionyesha kijiko kile bila kusema neno, nami nilielewa kwamba hakuna unga uliotumika kuufanya mzito, ni maji tu yaliyoachwa yaondoke polepole. Nyama iliachana na mfupa kwa kuguswa na uma, lakini haikuwa imekauka, na tofauti yake na kile kidari cha kuku cha meza ya kwanza ndiyo tofauti ninayotaka kuieleza katika simulizi hii nzima. Bei ya sehemu zote mbili ilikuwa ileile. Mmoja aliitafuta faida kwa kutupunguzia uangalifu, na mwingine kwa kununua nyama ya bei ndogo na kuiongezea usiku mzima wa kazi.

Katikati ya kula, kisu cha Mama kilimponyoka kikaanguka kwenye sakafu ya mawe. Kishindo chake kilisikika mbali, na niliona mabega yake yakipanda. Kabla hajainama, mhudumu alikuwa amekwisha kuweka kisu kingine kando ya sahani yake, kikiwa juu ya kitambaa kilichokunjwa, na kile kilichoanguka alikiokota akiwa anaondoka, mgongo wake ukiwa umetukinga na meza za jirani. Hakusema lolote wala hakutabasamu kwa namna ya kutusamehe. Kwa muda mrefu nilikuwa nikidhani kwamba huduma ya sehemu hizi ni maneno mazuri na mikono nyuma ya mgongo, lakini tangu siku ile nikiisikia ikitajwa hukumbuka mgongo wa kijana yule.

Mama alimuuliza, alipokuja kuondoa sahani, kama mifupa ya supu ilichomwa. Kijana alikiri kwamba hajui, akaahidi kuuliza, na baada ya vitindamlo mpishi mwenyewe alitoka, mwanamke kijana mwenye aproni iliyochafuka na mikono yenye alama za moto za zamani. Alimsalimia Mama kwa heshima, akasema ndiyo, mifupa huchomwa mpaka iwe rangi ya hudhurungi, na katika wiki hizi huanza kuichemsha usiku kwa moto mdogo ili mchuzi uwe tayari asubuhi.

"Leo mchana mnalisha watu wangapi?" Mama aliuliza.

"Tumeandikiwa mia moja na ishirini, Mama."

"Na mlio jikoni?"

"Watano."

Mama alitikisa kichwa taratibu, akamshika mkono juu ya kiwiko, akamwambia, "Pole na kazi, mwanangu." Mpishi aliinamisha uso kidogo. Walizungumza kama dakika tano zaidi, juu ya chumvi hasa, na wakati gani wa kuitia, nami sikuwa na la kuchangia.

Hesabu ilikuja sawasawa na ile niliyoiandika kwenye karatasi kabla ya kutoka nyumbani, pamoja na kodi. Bakshishi niliihesabu kwa bei ambayo vyakula vile vingetozwa siku ya kawaida, si kwa bei iliyopunguzwa, kwa kuwa mhudumu alibeba sahani zilezile na kutembea hatua zilezile, na punguzo lilitolewa na mwenye mgahawa, halikutolewa na yeye. Naona watu wengi wakilisahau hili, na sidhani kwamba ni kwa ubaya. Ni kwamba furaha ya bei ndogo hutufanya tusahau ni nani anayeibeba.

Nimeulizwa na ndugu zangu kama inafaa kwenda, na hujibu kwamba inafaa kwa anayekwenda kutafuta jiko, haifai kwa anayekwenda kutafuta jina. Mimi nilikwenda kwenye meza ya kwanza kwa sababu ya kisanduku cha kioo, na huenda kwa bei kamili jiko lile hupika vizuri sana. Lakini nililijua kwa namna lilivyonipikia nilipolipa kidogo, na sikuwa na njia nyingine ya kulijua.

Miezi miwili baadaye, hakuna tangazo wala kadi maalumu, Mama alisema anautamani ule mchuzi. Tulirudi Jumanne mchana. Menyu ilikuwa nene na bei zilikuwa kamili, kwa hiyo tuliagiza supu moja moja na muundi mmoja wa kugawana, na jumla yake haikupishana sana na ile ya mara ya kwanza. Alituhudumia kijana yuleyule. Alipouleta muundi alileta na sahani ya pili tupu, akaiweka mbele ya Mama. Mama aliweka vidole viwili kwenye ukingo wake, akanitazama. Ilikuwa ya moto.